Kilichomrefusha Mwajabu

"Kilichomrefusha mwenzio chaweza kukunyoa."

Bi Hidaya aliyasema maneno hayo bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa mchele aliokuwa akiupeta. Wajukuu zake wawili walikuwa wameketi kwenye ngazi za mlango wa uani. Tausi alikuwa amepakwa dawa nyeupe ya nywele kichwa kizima, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. Sikudhani, binamu yake, alishika kopo la dawa hiyo mkono mmoja, na kwa mkono mwingine alikuwa akimpepea kwa mfuniko.

"Bibi, mimi nilipaka hii hii," Sikudhani alisema. "Tazama zangu zilivyojaa."

"Nimeziona. Sikuuliza habari za zako. Tausi, inawasha?"

"Kidogo tu, Bibi."

"Kidogo kinachokuliza?"

"Ndivyo inavyoshika," Sikudhani alijibu kwa niaba yake. "Akiosha sasa atakuwa amepaka bure."

"Basi na iwe bure. Tausi, nenda bombani. Maji mengi, wala usisugue. Kisha urudi uketi hapa."

Tausi alikwenda. Aliporudi, maji yakimchuruzika shingoni na uso umetulia, aliuliza, "Hiyo methali umeitoa wapi, Bibi? Shuleni hatukuisikia."

"Hamkuisikia kwa sababu ni ya kijiji kimoja. Nimefundisha sayansi kimu hadi nikastaafu, na sikuiona katika kitabu chochote. Lakini niliijua kabla sijajua kusoma. Sikilizeni jinsi ilivyozaliwa."

Akauweka ungo chini, akaeleza.

Kijiji cha Kwemkole kilikuwa na desturi ya kumfunga mwari kichwa. Msichana aliyeposwa alikaa ndani kwa wazazi wake mwezi mzima kabla ya harusi. Siku ya kwanza, mama wa bwana harusi alikuja na kibuyu cha mafuta ya nyumba yake. Alimpaka mwari mafuta hayo kwa mkono wake mwenyewe, akamfunga kichwa kwa kitambaa cha bafta nyeupe, kisha akazishona ncha za kitambaa kwa uzi. Utosini aliacha tundu dogo. Kila Ijumaa alirudi na kibuyu chake, akamimina mafuta mengine kupitia tundu hilo. Asubuhi ya harusi aliukata uzi mbele ya wanawake wote. Nywele zilifunuliwa, zikachanwa, zikasukwa, na nje ngoma zikalia.

Maana ya desturi hiyo ilikuwa wazi kwa kila mtu. Nyumba ya mume ilianza kumlea mke kabla hajaingia mlangoni. Aliyeyakataa mafuta ya nyumba alikuwa ameikataa nyumba. Aliyekata uzi kabla ya siku yake alikuwa ameukata uchumba. Tena watu waliamini kwamba mafuta yana macho. Yalimstawisha mwari aliyeipenda nyumba kwa moyo wake wote, na yalimkataa yule ambaye moyo wake ulikuwa kwingine.

Kulikuwa na desturi ya pili. Mwanamke wa Kwemkole alinyolewa nywele mara moja tu, siku alipofiwa na mume. Tangu siku hiyo aliketi kwenye mkeka wa wajane, ambao katika kila shughuli ulitandikwa kando, karibu na ukuta. Aliketi hapo mpaka nywele zilipomfunika masikio. Mwanamke mwenye kichwa kitupu hakuingizwa katika nyumba ya ndoa kwa hali yoyote, kwa maana watu walisema anaingia na msiba mkononi.

Katika kijiji hicho aliishi Bi Mboni, mama wa vijana wawili. Mkubwa aliitwa Kilua na mdogo Mhando. Bi Mboni alikuwa mwanamke mwenye bidii na mwenye fahari. Hakuwa mtu mbaya, na naomba mlikumbuke hilo mpaka mwisho. Alikamua mafuta ya nyonyo mwenyewe, akayapika mpaka yakawa mazito kama asali. Kisha aliyatia mafuta ya karafuu, ambayo dada yake alimletea kutoka Pemba. Mafuta ya karafuu ni makali. Tone moja likigusa mdomo, ulimi hufa ganzi. Ukipita nje ya nyumba ya Bi Mboni siku ya kupika, ulipiga chafya ungali njiani.

Kilua alimposa msichana aitwaye Mwajabu. Nywele za Mwajabu zilikuwa nene, kavu na zenye msokoto wa kubana, kiasi kwamba wenzake walimtania kuwa kitana kikimwona kinaaga kwao. Bi Mboni alimpaka mafuta, akamfunga, akamimina kila Ijumaa. Asubuhi ya harusi uzi ulipokatwa, nywele ziliinuka zenyewe kama unga wa mkate ulioumuka. Zilipovutwa zilifika mabegani. Zilikuwa nyeusi na zenye kung'aa, na wanawake waliimba mpaka sauti zikawakauka.

Tangu siku hiyo kibuyu cha Bi Mboni kikawa na jina. Wanawake walivuka mto na chupa mikononi kuomba japo matone. Hakuna aliyemuuliza Mwajabu nywele zake zilikuwaje kabla. Hakuna aliyefikiri kwamba unene wa nywele hizo uliyashika mafuta juu kwa juu, yasifike kwenye ngozi kwa wingi. Hakuna aliyekumbuka kwamba mama yake alikuwa akizisuka kwa uzi tangu utotoni, na hakuruhusu zichanwe zikiwa kavu. Watu waliona nywele na kibuyu, basi wakaunganisha.

Mwaka uliofuata Mhando naye alipata mchumba. Huyo aliitwa Semeni. Hawakuchaguliwa na wazee, walichaguana. Mhando alikuwa ameitwa kuziba paa la jiko la kwao Semeni lililokuwa likivuja, na kazi ya siku moja ikamchukua wiki nzima. Baba wa Semeni alisimama chini ya ngazi, akamwambia, "Kijana, matundu ya paa hili nayafahamu. Au unatoboa mengine?" Semeni alicheka ndani ya jiko, na kijiji kizima kikajua.

Nywele za Semeni hazikufanana na za Mwajabu hata kidogo. Zilikuwa laini na chache, kama pamba iliyochambuliwa. Ukizigusa kwa maji zililowa mara moja, na ukizipaka mafuta mazito zililala kichwani kama nyasi zilizokanyagwa. Tena alikuwa na mba. Alijikuna mara kwa mara, na kucha zilimwachia vidonda vidogo. Mama yake, Bi Zahabu, alikuwa akimuosha kwa maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini, kisha akimpaka tui la nazi lililopikwa likatoa mafuta mepesi. Kidogo tu, nchani. Kwa kichwa kile, hayo yalitosha.

Siku ya kufungwa kichwa, Bi Mboni aliziinua nywele za Semeni kwa vidole viwili.

"Laini hivi zitashika msuko gani?" alisema. "Tutazikomaza."

Bi Zahabu alisogea karibu. "Dada, mwanangu ana vidonda vidogo. Pengine tungoje vikauke."

"Kichwa ni kichwa, mwenzangu. Ulikiona cha Mwajabu siku ile?"

"Nilikiona."

"Uliimba?"

"Niliimba."

"Basi acha tumwimbie na huyu."

Bi Zahabu alisogea kando. Alitaka kuimba. Ni mama gani asiyetaka? Tena aliogopa. Angesema neno moja zaidi, lingehesabiwa kuwa nyumba ya Semeni inakataa mafuta. Bi Mboni akapaka. Kwa kuwa nywele zilikuwa chache, mafuta hayakuzuiwa na kitu, yakafika yote kwenye ngozi. Kitambaa kikafungwa na kushonwa.

Muwasho ulianza kabla Bi Mboni hajatoka uani.

Mwari hakuruhusiwa kutembelewa ila na wanawake walioolewa. Mwajabu alikuja na uji. Semeni alimshika mkono.

"Dada Mwajabu, niambie kweli. Wewe yalikuwasha?"

"Yaliniwasha."

"Sana?"

Mwajabu alifikiri. Alikuwa mkweli. "Yaliwasha siku mbili tatu, halafu yakapoa. Mama mkwe alisema ndiyo kazi yenyewe. Vumilia, mdogo wangu. Mimi nilivumilia na umeona mwisho wake."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Lakini kilikuwa kweli juu ya kichwa chake mwenyewe.

Ijumaa ilipofika, Bi Mboni alikibonyeza kitambaa kwa kiganja. "Bado hazijajaa," alisema. "Cha Mwajabu wakati kama huu kilikuwa kimeanza kuinuka." Akaenda nyumbani, akaongeza karafuu kwenye kibuyu, akarudi, akamimina mara mbili ya kawaida. Semeni aliuma ncha ya kanga. Kwa kuwa alimpenda Mhando, na kwa kuwa alijua watu wanasema mafuta yana macho, aliogopa hata kukunja uso. Alifikiri kwamba akilia, kilio chake kitatafsiriwa kuwa moyo wake umegawanyika.

Baada ya Ijumaa nyingine, harufu ya karafuu ilianza kuchanganyika na harufu ya pili. Bi Zahabu aliitambua. Alichukua kisu cha jikoni, akaenda nyuma ya binti yake, akaingiza ncha chini ya uzi. Semeni aliinua mkono, akamshika kiganja.

"Mama, ukikata uzi nimeachika kabla sijaolewa."

"Mwanangu, unaoza."

"Zimebaki siku chache. Nitavumilia."

Bi Zahabu alikirudisha kisu jikoni. Aliishi miaka mingi baada ya siku hiyo, na waliomfahamu wanasema hakukitumia tena kisu kile kwa kazi yoyote.

Asubuhi ya harusi wanawake walijaa chumbani. Bi Mboni aliukata uzi na kuanza kukifungua kitambaa. Kitambaa kilikuwa kimegandamana, akakivuta taratibu. Kilipotoka, nywele zilitoka nacho. Zilibaki kwenye bafta kama manyoya kwenye ngozi ya mnyama. Kichwani mwa Semeni palibaki wekundu na majimaji, na mabaka meupe mahali ambapo ngozi ilikuwa imekufa.

Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja alitoka, wa pili akatoka. Nje wapiga ngoma hawakuwa wameambiwa lolote, nao waliendelea kupiga. Walipiga kwa muda mrefu. Hakuna mwanamke aliyekuwa na moyo wa kwenda kuwanyamazisha.

Wazee walikutana siku hiyo hiyo. Hawakulizungumzia kibuyu. Kibuyu kilikuwa kimemstawisha Mwajabu, na kila mtu alikuwa shahidi. Kilichobaki kuchunguzwa kwa hiyo kilikuwa moyo wa Semeni. Walisema mafuta yameona kitu. Walijiuliza ni kijana gani mwingine aliyewahi kuziba paa kwao. Mhando peke yake aliwapinga, wakamwambia mapenzi yamempofusha. Mwishowe walikata shauri kwa namna waliyoiona kuwa ya huruma: Semeni aponywe, angoje, na nywele zikiota na kumfunika masikio, harusi ifungwe.

Vidonda vilipona. Nywele ziliota nyuma ya shingo na juu ya sikio moja. Kwingineko ngozi iling'aa kama kigae kilichosuguliwa. Kila msimu wa mvua Bi Mboni alikuja, akamwomba avue mtandio, akatazama, akatikisa kichwa, akaondoka. Mhando alingoja. Aliziba mapaa ya watu, akalima shamba, akangoja. Katika harusi za wengine na katika misiba, Semeni alipofika na mtandio wake, wanawake walimwonyesha kwa kidevu mahali pa kuketi. Palikuwa kwenye mkeka wa wajane. Aliketi hapo kati ya vikongwe, naye hakuwa amewahi kuwa na mume.

Hatimaye baba yake Mhando aliugua, akataka kumwona mwanawe akiwa na mke kabla hajafa. Mhando alikwenda kwa Semeni. Alimkuta akitwanga, akasimama kando ya kinu.

"Wamenichagulia mtu," alisema.

Semeni aliendelea kutwanga. "Nani?"

"Mwanahawa, wa ng'ambo ya mto."

"Nywele zake zikoje?"

Mhando alidhani ni wivu. "Semeni, sikuzitazama nywele zake."

"Mimi nauliza. Zikoje?"

"Laini," alisema. "Kama zilivyokuwa zako."

Semeni aliuegemeza mchi ukutani. "Mama yako anampelekea kibuyu lini?"

"Leo. Amekwisha kutoka."

Semeni alivuka mto huku maji yakimfika kiunoni. Alipofika nyumbani kwa Mwanahawa, wanawake walikuwa wamekaa kuzunguka chumba, na Mwanahawa alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati, nywele wazi. Bi Mboni alikuwa ameshachomoa kizibo. Mwajabu alikuwa ameshika bafta. Semeni aliingia bila hodi, akavua mtandio wake mbele ya wote. Wengi walikuwa wamesikia habari za kichwa hicho, lakini wachache walikuwa wamekiona.

"Umekuja kuvunja harusi ya watu," Bi Mboni alisema. "Sikutegemea hayo kwako."

"Sikuja kuvunja harusi, mama. Nimekuja kuomba kitu kimoja. Kabla hujampaka kichwani, mpake mkononi. Ndani ya kiwiko, hapa palipo laini. Mfunge kitambaa, tungoje hadi kesho."

"Mkono unasukwa?"

Wanawake wawili watatu walicheka. Semeni alingoja wamalize.

"Hausukwi. Ndiyo sababu tuanze nao. Ukiharibika, hakuna atakayemwita mjane."

"Mafuta haya yanajulikana," Bi Mboni alisema. Alimgeukia Mwajabu, akaunyosha mkono kuelekea nywele zake kama mtu anayeonyesha shamba lililostawi. "Shahidi huyu hapa. Ni haya haya yaliyomrefusha. Utasema nini juu ya hilo?"

"Sikatai," Semeni alisema. "Kilichomrefusha Mwajabu kilininyoa mimi."

Mwanahawa, ambaye kwa desturi hakupaswa kusema kitu, aliunyosha mkono wake wa kushoto na kuukunjua kiwiko. "Mama," alimwambia Bi Mboni, "sijayakataa mafuta yako. Nipake hapa."

Bi Mboni hakuweza kusema kwamba amekataliwa. Alipaka. Alimfunga kwa kipande cha bafta, na Semeni akaketi mlangoni. Hakuondoka mpaka kesho yake.

Asubuhi wanawake walirudi. Kitambaa kilipofunguliwa, ngozi ya ndani ya kiwiko ilikuwa imevimba, ina malengelenge yaliyojaa maji. Bi Mboni aliushika mkono huo na kuugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Wanawake walianza kutazamana, na mmoja alinong'ona kwamba huenda na huyu moyo wake hauko.

Mwanahawa alimsikia. "Moyo wangu uko wapi, mama mdogo? Nimeposwa juzi, na Mhando simjui vizuri hata nimkatae. Mkono wangu ndio umekataa, na mkono hauna mchumba."

Hakuna aliyecheka safari hiyo.

Bi Mboni alikaa sakafuni. "Nilipaka kile kile," alisema. "Wallahi nilipaka kile kile nilichompaka Mwajabu."

"Ulipaka kile kile," Semeni alimjibu. "Kichwa hakikuwa kile kile."

Bi Mboni alisema, "Nilikuwa nikija kukitazama kichwa chako kila masika. Nilikuwa natazama kama umetubu." Akamwomba radhi, mbele ya watu wote.

"Radhi nimekupa," Semeni alisema. "Lakini nywele ulizokuwa ukija kuzitazama, hizo sina za kukupa."

Alifunga mtandio wake, akavuka mto kurudi kwao.

Msidhani kwamba mambo yalirekebika. Jina la Semeni lilisafishwa. Hakuna tena aliyeuliza juu ya moyo wake. Lakini kichwa chake kilikuwa bado kitupu, na desturi ya pili haikubadilika eti kwa sababu ya kwanza imebadilika. Mhando alimwoa Mwanahawa. Mwanahawa aliingia nyumba hiyo na mafuta yake mepesi ya nazi aliyopikiwa na mama yake, na kibuyu cha Bi Mboni kikatundikwa juu ya mlango, mdomo ukitazama chini, ili kila apitaye ajue kuwa hakitoi tena. Semeni alihudhuria harusi hiyo. Aliketi kwenye mkeka karibu na ukuta.

Tangu hapo wanawake wa Kwemkole walianza kuuliza kabla ya kupaka. Waliuliza kama nywele ni nene au laini, kama zinanywa maji au zinayamwaga, kama ngozi ya kichwa ni nzima au ina mikwaruzo. Dawa ngeni ilianzia ndani ya kiwiko. Na mwari akisema inawasha, alioshwa kwanza, akaulizwa baadaye.

Maneno ya Semeni yalienea. Mwanzoni yalisemwa kama alivyoyasema: kilichomrefusha Mwajabu kilininyoa mimi. Kisha Mwajabu alikwenda kwa wazee, akalalamika kuwa jina lake linatajwa kila siku kama mkosaji, ilhali yeye aliota nywele tu. Wakaliondoa, wakatia "mwenzio." Ilipobadilika hivyo, "kilininyoa mimi" haikukaa vizuri mdomoni, wakaigeuza nayo. Semeni hakuulizwa. Leo ukiisikia methali, huwezi kujua kwamba ndani yake palikuwa na mtu.

Bi Hidaya akauchukua tena ungo wake. Sikudhani alikuwa akisoma maandishi madogo ubavuni mwa kopo, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu alinunue.

"Wewe umeyajuaje yote haya, Bibi?" Tausi aliuliza.

"Mwanahawa ndiye aliyenizaa. Ndani ya kiwiko chake cha kushoto palikuwa na kovu. Nililiona kila aliponiogesha."

"Na Semeni ulimwona?"

"Nilimwona nikiwa mdogo, kwenye harusi moja. Alikuwa ameketi na vikongwe, na yeye hakuwa kikongwe. Nikamuuliza mama, yule mjane mumewe alikufa lini."

"Akasemaje?"

Bi Hidaya alipeta mara moja, makapi yakaruka.

"Akaniambia, 'Hakufa. Ndiye baba yako.'"

Tausi alipeleka mkono kichwani, akaipapasa ngozi yake taratibu kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, akatazama vidole. Vilikuwa safi. Sikudhani alifunika kopo, akalisukuma mbali kwa mguu.

"Zangu zilijaa kwelikweli, Bibi," alisema kwa sauti ya chini. "Sikumdanganya."

"Najua hukumdanganya, mjukuu wangu. Hata Mwajabu hakumdanganya mtu. Ndiyo maana inabidi tuiseme." Bi Hidaya akairudia polepole, kama mwalimu anayeandika ubaoni. "Kilichomrefusha mwenzio chaweza kukunyoa."